Swichi ya Kikomo Isifungwe Mpira

Muhula uliopita Chama cha Majadiliano cha shule yetu kilijadili hoja isemayo, "Mlinzi wa mashine ni mtu mwangalifu, si swichi." Waliounga mkono hoja walishinda, tena kwa kura nyingi, na makofi yao yalisikika hata jikoni. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Siandiki haya ili kulipiza kisasi kwa wasemaji wa upande wa pili, maana walisema vizuri kutushinda. Naandika kwa sababu kikao cha wazazi kinakaribia, na katika kikao hicho utatolewa uamuzi juu ya pampu mpya ya kisima chetu. Nimekwisha kuwasikia watu wakubwa wakiyarudia maneno ya mjadala ule, kana kwamba kura zilizopigwa bwaloni zaweza kubadili tabia ya mota.

Wasomaji wa hapa shuleni wanajua yaliyotokea, lakini wazazi wengine hawajapata habari kamili. Pampu yetu iliungua mwezi wa Oktoba, wakati ambapo maji ni adimu. Kwa muda wa wiki 3 tulichota kwa ndoo. Vipindi vya asubuhi vilichelewa, na wasichana, ambao katika mambo ya maji ndio waonewao kwanza, walikuwa wakiamka saa 10 usiku ili wawahi foleni. Fundi aliyeitwa alipofungua kisanduku cha umeme alikuta kipande cha waya mwekundu, kisichozidi urefu wa kidole, kimeunganisha mahali pawili ambapo palipasa kufungwa nyaya za swichi ya boya iliyomo kisimani. Kwa maneno mengine, swichi ilikuwa imerukwa. Pampu haikuwa na njia yoyote ya kujua ya kuwa maji yameshuka chini yake. Pampu ya namna ile, izamayo majini, hupozwa na maji yale yale inayoyavuta. Ikikosa maji haikosi kazi tu, bali hukosa na kipoozeo chake. Basi ilizunguka ikivuta hewa mpaka ikaiva.

Ni nani aliyeutia waya ule si shabaha yangu. Nataka kusema juu ya waya wenyewe, na juu ya fikra iliyouleta.

Kwa wale wasiosoma fizikia, na kwa wazazi waliosoma zamani, nieleze kidogo. Swichi ya kikomo ni kisanduku kidogo, aghalabu si kikubwa kuliko kipande cha sabuni, chenye mkono mfupi, na mwishoni mwa mkono huo kuna kigurudumu. Hufungwa mahali panapoishia safari ya kitu kiendeshwacho na mota: lango, ndoano ya winchi, chumba cha lifti, au bamba la shinikizo la pamba. Kitu kile kikifika, hukisukuma kigurudumu, mkono hulala, na mle ndani vipande viwili vya chuma vilivyokuwa vimegusana huachana. Umeme hukatika, mota husimama. Katika tangi la maji hakuna kigurudumu, ila kuna boya lielealo, nalo likiinuka au kushuka hufanya kazi ile ile. Mafundi wengi huiita limiti, na jina hilo latosha.

Kuna jambo moja ambalo wasemaji wa hoja hawakuligusa kabisa. Kwa kawaida umeme mwingi wa mota kubwa haupiti ndani ya limiti. Hupita katika kontakta, yaani swichi kubwa inayoshikwa na sumaku, na kinachopita katika limiti ni ule umeme kidogo wa kuitia nguvu sumaku. Sumaku ikikosa umeme, chemchemi hurudisha kontakta nyuma na mota huzimika. Sasa tazama faida yake. Panya akiutafuna waya wa limiti, mota itasimama. Waya ukichomoka, mota itasimama. Ndiyo maana swichi ya ulinzi huunganishwa ikiwa imefungika wakati wa salama, na hufunguka wakati wa hatari. Mtu akiiunganisha kinyume chake, waya uliokatika hautajulikana mpaka siku ya msiba. Na katika zile zilizotengenezwa hasa kwa ulinzi, mkono wenyewe huvisukuma vile vyuma viachane, hautegemei chemchemi peke yake. Basi hata vikishikamana kwa cheche, hubanduliwa kwa nguvu. Kitu kilichofikiriwa hivi hakistahili kuitwa "kidude cha kusumbua", kama alivyokiita msemaji wa kwanza.

Nitajibu hoja zao. Hoja yao ya kwanza ilikuwa kwamba mtu ana akili, swichi haina. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ya kuitumia. Mtu mwenye akili hufikiri mambo mengine. Tuchukue winchi ya kupandishia marobota ya pamba, na tuseme ndoano yake hupanda mita 12 kwa dakika. Mwendo huo ni wa pole sana, hata mtoto ataucheka. Lakini mita 12 kwa dakika ni sentimeta 20 kwa sekunde. Kontakta ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde kuachia, ndoano imekwenda sentimeta 2. Breki ikichukua nusu sekunde kuisimamisha, imekwenda nyingine 5. Jumla 7, nasi hatujamhesabu mtu bado. Mtu aliyekaza macho, kidole kikiwa juu ya kitufe, huchukua karibu robo ya sekunde tangu aone mpaka abonyeze. Ongeza sentimeta 5. Na akigeuka kwa sekunde 2 tu kumjibu mwenzake aliyemwita, ndoano imekwenda sentimeta 40, imegonga juu, na kamba ya chuma inavutwa na mota isiyojua kuchoka. Limiti iliyowekwa sentimeta 15 kabla ya mwisho haina mwenzake wa kuiita.

Msemaji mmoja alisema ati mota ikikwama itajizima yenyewe kwa kuwa kuna kifaa kingine cha kuzuia umeme kupita kiasi. Kifaa hicho kipo, nacho ni kizuri, lakini kazi yake ni nyingine. Chenyewe hungoja joto. Mota iliyokwama huvuta umeme mara 5, 6 au 7 kuliko wakati wa kazi yake ya kawaida, na joto katika nyaya huongezeka kwa mraba wa umeme huo. Mara 6 ya umeme ni mara 36 ya joto. Kidato cha tatu wanajua hesabu hii. Kifaa kikipata fahamu baada ya sekunde kadhaa huenda kikaiokoa mota, lakini kamba imekwisha katika, au meno ya gia yamekwisha ng'oka. Na pampu inayolijaza tangi lililokwisha jaa haikwami hata kidogo. Humwaga maji ya kisima juu ya ardhi mpaka asubuhi, bila ya joto kuzidi wala kifaa chochote kushtuka.

Hoja yao ya pili ndiyo yenye uzito, nami nataka kuishughulikia zaidi. Walisema kwamba swichi huharibika, na ikiharibika husimamisha kazi bila sababu. Hili nimeliona kwa macho yangu.

Mkoa wetu wa Simiyu ndio unaoongoza nchini kwa pamba, na mtoto wa hapa Bariadi hujua jinari kabla hajajua bahari. Msimu uliopita mwalimu wetu wa fizikia alitupeleka kutazama jinari moja, ambayo sitaitaja. Pamba mbegu iliingia upande huu, pamba nyuzi ikatoka upande ule, mbegu zikaenda zake, na nyuzi zikashindiliwa katika shinikizo mpaka likatoka robota la karibu kilo 200, limefungwa barabara kwa waya. Nilitafuta limiti ya shinikizo lile, maana tulikuwa tumeisoma. Niliiona. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ukafungwa vizuri, kwa fundo la mtu aliyekwisha kulifunga mara nyingi.

Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa zamu kwa nini wameifunga. Hakukasirika. Aliniambia, "Mwanangu, tukiifungua hii, tunasimama mara 10 kabla ya chai. Nasi twalipwa kwa marobota." Kisha akanionyesha kisanduku chenyewe. Vumbi la nyuzi lilikuwa limekijaza kama manyoya ndani ya mto, na mkono haukuweza tena kurudi mahali pake. Mzee yule hakuwa mpumbavu wala mvivu. Swichi ilikuwa imemwambia uongo mara nyingi mno, naye akaacha kuisikiliza. Ningelipwa kwa marobota, nadhani ningekuwa na ukanda wangu wa mpira mfukoni.

Lakini wasemaji wetu waliishia hapo, wakasema, "Basi swichi haifai." Mimi naona jambo linaanzia hapo. Limiti ile ilikuwa ya namna iliyo wazi, ambayo hufaa mahali pasipo vumbi. Ziko zilizozibwa kwa mpira kila upande, ambazo vumbi na maji haviingii, na tofauti ya bei yake ni ndogo mbele ya bei ya mota moja. Tena, hata ile iliyokuwapo ingaliweza kufanya kazi kama mtu angaliipuliza na kuifuta kila asubuhi. Dakika 5. Hakuna aliyepewa dakika hizo, wala hakuna aliyeandikwa jina lake kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Na katika jinari jambo hili si la mota tu. Mota iliyoshika moto penye nyuzi za pamba zirukazo hewani haiungui peke yake, na ghala liko ukuta wa pili.

Kwa hiyo nakubaliana na wenzangu kwamba swichi mbovu ni mbaya. Ninakwenda mbele zaidi yao: swichi mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu anayeiona ukutani hudhani analindwa. Dawa yake si kuifunga mpira wala kuiruka kwa waya. Ni kuijaribu.

Nitatoa mfano wa mbali, kwa kuwa ulichunguzwa sana na habari zake ziko wazi. Huko Marekani, katika jimbo la Missouri, kuna bwawa liitwalo Taum Sauk, lililojengwa juu ya mlima. Usiku, umeme unapokuwa wa bei nafuu, mitambo husukuma maji kupanda huko juu. Mchana maji huteremshwa yazalishe umeme. Kwa namna fulani ni kisima na tangi kama vyetu, ila ukubwa ndio unaotofautiana. Alfajiri ya tarehe 14 Desemba 2005 bwawa lilijaa na pampu hazikuacha kwa wakati. Vyombo vya kupimia kina vilikuwa vimelegea pale vilipofungwa, vikawa vinaonyesha maji machache kuliko yaliyomo. Hilo si la ajabu, kila kitu hulegea, na kwa ajili hiyo hiyo paliwekwa vyombo vingine vya akiba vya kuzima pampu endapo vile vya kwanza vitadanganya. Lakini vya akiba viliwekwa juu mno. Ukuta wa bwawa ulikuwa umetitia, haukuwa sawa pande zote, na penye upungufu ulikuwa chini kuliko vyombo vile. Maji yakapita juu ya ukuta kabla hayajavigusa.

Ukuta ulibomoka. Zaidi ya lita bilioni 4 ziliporomoka mlimani kwa muda usiotimia nusu saa. Nyumba ya msimamizi wa hifadhi iliyokuwa bondeni ilizolewa, na kwa rehema ya Mungu yeye, mkewe na watoto wao 3 waliokotwa wakiwa hai. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa ilikuwa baridi na uwanja wa kupigia kambi haukuwa na wageni wake wa majira ya joto. Jambo linalonichoma katika habari hii ni kwamba kasoro ya vipimo ilikwisha kujulikana miezi michache kabla. Wahusika walishusha kidogo kiwango cha kusimamishia pampu, wakapanga matengenezo yafanyike baadaye. Wote walikuwa watu wenye elimu, nao walikuwa waangalifu kwa namna yao. Swichi za akiba zilikuwapo. Ila hakuna aliyepanda na futi ya kupimia akauliza: je, maji yatafika hapa kabla hayajafika pale?

Swali hilo hilo nililiuliza juu ya tangi letu, na nimelipima. Bomba la kumwagia maji yaliyozidi liko sentimeta 12 chini ya ukingo. Boya la zamani lilifungwa kwa namna ambayo lingezima pampu maji yakiwa sentimeta 4 tu chini ya ukingo. Maana yake ni kwamba maji yangetoka kwa bomba la kumwagia siku nzima bila boya kuinuka mpaka mwisho. Tangu lifungwe halikupata kuisimamisha pampu hata siku moja. Aliyekuwa akiizima ni mwanafunzi wa zamu, alipoona bustani ya maua imekuwa tope.

Labda msomaji atauliza, swichi moja ikishindwa je? Yafaa ziwe mbili. Aliyewahi kupanda lifti, pale Bugando, Mwanza, kwa mfano, anapompeleka mgonjwa, ajue ya kwamba katika lifti mna swichi za kila siku zinazoisimamisha ghorofani, na mbele yake, juu kabisa na chini kabisa, mna swichi nyingine ambayo haiguswi siku zote. Lifti ikiifikia hiyo, umeme wote wa kuiendesha hukatika, nayo haiondoki tena mpaka fundi aje atazame sababu. Hiyo ya mwisho si ya kufanyia kazi. Sheria za usalama kazini za Marekani zinakataza kabisa dereva wa kreni kuitumia limiti ya juu kama njia yake ya kusimamisha ndoano, tena zinamtaka aijaribu mwanzo wa kila zamu, ndoano ikiwa haina mzigo. Napenda sana sheria hii. Inasema kwa maneno machache kwamba mtu afanye kazi yake na swichi ifanye yake, na kila mmoja asimtegee mwenzake. Hapo wenzangu wa upande wa pili wanapata sehemu ya haki yao: mtu mwangalifu anahitajiwa sana. Uangalifu wake aupeleke kwenye kuijaribu swichi, usiishie kukaa chini ya mwembe akisikiliza tangi.

Wala nisidanganye kwamba kukata umeme ndiyo kusimamisha. Tarehe 30 Julai 1973, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Markham huko Uingereza, wafanyakazi walikuwa wakiteremshwa shimoni. Fimbo ya chuma ya breki ilikatika. Dereva alibonyeza kitufe cha hatari, na umeme ukakatika kweli, lakini breki haikuwa na kitu cha kuishika. Watu 18 walikufa. Penye mzigo unaoning'inia, limiti bila ya breki nzima ni nusu ya kazi. Pampu yetu haina mzigo wa namna hiyo. Ikikosa umeme husimama, na vali ya kuzuia huzuia maji yasirudi. Kwa hiyo shida yetu ni nyepesi, na aibu ya kushindwa nayo ni kubwa zaidi.

Hoja ya tatu ilikuwa gharama. Swichi mbili za boya na kisanduku kizuri cha kontakta ni fedha kidogo ukilinganisha na pampu, na wazazi wetu, ambao wengine wameuza mbuzi kwa ajili ya pampu hii, hawatapenda kununua ya tatu. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Basi yale ninayoyaomba katika kikao ni haya. Katika kisima liwekwe boya la kuzima pampu maji yakishuka, na lifungwe juu ya pampu, si usawa wake, ili pampu izimike ingali imezama. Katika tangi yawekwe mawili: la kila siku, lizimalo maji yakiwa sentimeta 20 chini ya ukingo, na la mwisho, sentimeta 15, ambalo likiinuka pampu isiwake tena mpaka mwalimu anayehusika aje afungue kisanduku. Yote mawili yawe chini ya bomba la kumwagia. Kamba ya boya la kila siku iwe ndefu kiasi, ili pawe na nafasi ya kutosha kati ya kiwango cha kuzima na cha kuwasha. Ikiwa fupi mno, pampu itawaka na kuzima kila maji yakitikisika, na kila ikiwaka huvuta umeme mara nyingi kuliko wa kawaida, ikapata joto bure.

Kisanduku kiwe na kufuli. Najua mafundi watalalamika juu ya kufuli, kwa sababu hata fundi mwaminifu hupenda kuiruka swichi kwa muda mfupi anapotafuta kasoro. Airuke, lakini aandike katika daftari: siku, saa, sababu, na saa aliyoutoa waya. Waya ule mwekundu nadhani ulitiwa na mtu aliyekusudia kurudi kesho yake.

Na kila Jumamosi swichi zijaribiwe. Kazi hii yaweza kufanywa na wanafunzi wa fizikia, wawili wawili, mbele ya mwalimu. Mmoja anainua boya la kila siku kwa mkono pampu ikiwa inafanya kazi, na mwenzake aliye chini ahesabu. Isiposimama kabla ya kufika tatu, kazi ni mbovu na iandikwe hivyo. Kisha pampu iwashwe tena na boya la mwisho lijaribiwe peke yake, maana yakiinuliwa pamoja haitajulikana ni lipi lililoizima. Kisha boya la kisimani livutwe kwa kamba yake, liachwe lining'inie juu ya maji. Baada ya hapo vifuniko vifutwe vumbi. Nimefanya hesabu ya muda: kazi yote haifiki dakika 20, nayo ni somo bora kuliko michoro 10 ya ubaoni.

Mimi na rafiki yangu wa kidato changu tumejitolea kuwa wa kwanza, na Mwalimu amekubali kwa sharti moja, kwamba ngazi ya tangi ikazwe kabla hatujapanda. Kipandio cha tatu kimelegea tangu mvua za mwaka jana, na seremala ameahidi kuja siku ya Alhamisi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano